Useni, Mjenga Boma la Maji

Hapa Baraka hakuna mwanamke aliyechota maji ziwani bila kazi ya mikono ya Useni. Yeye ndiye aliyetujengea boma la maji. Miti yake migumu aliikata milimani, upande wa Bibokoboko, akaiteremsha begani, akaichonga ncha, akaikita majini mmoja mmoja, karibu karibu, mpaka kichwa cha mamba kisipenye. Humo ndani tulichota, tulifua, tuliogesha watoto. Mimi hata maji ya magotini huyatazama mara tatu kabla ya kuingia, lakini ndani ya boma la Useni niliweza kuligeuzia ziwa mgongo.

Hakuwa mtu wa maneno. Aliyesema kwa niaba ya wawili ni mke wake, Rehema. Hawakujaliwa mtoto, ila nyumba yao haikukosa watoto wetu.

Kiangazi cha mwaka wa hamsini na sita wazungu wa Bukavu walizoea kuja kwetu kwa konje. Konje ni zile siku ambazo mtu analipwa na hafanyi kitu. Walilala kwenye nyumba ya wageni ya serikali, wakapiga picha za kuta zilizobaki za wafanyabiashara wa watumwa wa zamani. Ajenti wa serikali, mzungu kijana, aliwahadithia habari za watumwa huku akitunyooshea kidole tukipita na mizigo, kama vile tuliuzwa juzi.

Jumatano moja ajenti alimwita Useni ufukoni. Jumamosi zingekuja familia nne, na walitaka kuoga ziwani.

"Mamba iko?" akauliza.

"Iko, bwana."

"Basi weka miti."

"Miti iko kule mulimani, bwana. Kukata na kushusha ni siku kumi."

Ajenti akageuka, akaonyesha boma letu. "Na ile?"

"Ile ni ya bamama."

"Bamama batangojea. Ni siku ine tu."

Kukataa ilikuwa ni kwenda gerezani Fizi, kila mtu alilijua hilo. Useni aling'oa miti kumi na minane, akaenda kuikita mbele ya nyumba ya wageni. Kwetu likabaki pengo ambalo ng'ombe wawili wangepita pamoja.

Kesho yake asubuhi tulipofika na ndoo tulimkuta amesimama penye pengo lile, maji mapajani, fimbo ndefu mkononi, anapiga maji mbele yake bila kutulia. Jirani yangu Florentine, ambaye hata msibani hukosa kunyamaza, akamwita:

"Shemeji, siku hizi we ni mulango? Tubishe hodi ku tumbo ao ku mugongo?"

"Chota maji uende, mama. Mulango haina masikio."

Tulicheka. Alisimama hivyo kila asubuhi na kila jioni, tangu Alhamisi mpaka Jumapili, na saa nyingine zote alikataza mtu kuingia.

Jumatatu asubuhi, kabla hatujaanza kuchota, polisi alikuja kumwita. Mti mmoja kule kwa wageni ulikuwa umelegea, na madamu mmoja alikataa kuingia majini.

"Muningojee," Useni akatuambia. "Muntu asiingie."

Tulingoja mpaka jua likawa kali. Nyumbani mwanangu mdogo, Waziri, alikuwa na homa, na hapakuwa na kikombe kimoja cha maji. Nikasema, na nayaandika maneno yale yale niliyoyasema:

"Rehema, bwana yako anachunga bazungu. Sisi nani atatuchunga?"

Rehema akacheka. "Mama Saleh, na ule ulimi yako, mamba angekimbia peke yake. Haya, mi nitakuwa mulango. Lakini fanya mbio."

Akakaza kikwembe kiunoni, akachukua fimbo ya mumewe, akaingia penye pengo. Alipiga maji kama alivyomwona mumewe akipiga. Niliinama nikazamisha ndoo. Nilipoinuka, fimbo ilikuwa inaelea peke yake.

Yeye hakupiga kelele. Waliopiga kelele ni sisi.

Anatole, mpishi wa wageni, alitueleza baadaye kwamba wageni waliuliza kuna nini, na ajenti akawajibu kwa Kifaransa kwamba ni wanawake wanagombania maji. Watoto wao wakaendelea kuoga. Useni alikuwa humo humo kati yao, anagongomea mti. Yeye alizijua sauti zetu. Anatole alisema Useni aliacha nyundo izame.

Wanaume walitafuta kwa mitumbwi. Walipata kikwembe chake kwenye matete, basi. Hatukuwa na mwili wa kuosha.

Jumanne mchana, wageni wakiwa mezani, Useni aliingia kwenye boma lao akaanza kung'oa miti. Polisi walimkamata akiwa na wa tano begani. Ajenti alikuwa akifoka kwamba ilibaki siku hiyo moja tu, kwa nini hakungoja. Wakamfunga Fizi miezi minne. Wageni waliondoka Jumatano, lakini miti haikurudi kwetu. Iliamriwa ibaki pale kwa konje ya mwaka unaofuata. Sisi tulichota waume zetu wakisimama penye pengo kwa zamu, hadi waliposhusha miti mingine kutoka milimani.

Useni alirudi amekonda, shingo kama ya mzee. Siku saba nilipita njia nyingine ili nisionane naye. Siku ya nane nilimpelekea bugali na ndagala, dagaa wa ziwani. Alikuwa amekaa kizingitini.

"Mama Saleh, mutoto alipona?"

"Alipona, shemeji."

"Na siku ile, maji ulipata?"

Ndoo niliiacha pale pale majini, na mpaka leo sijui nani aliichukua. Nikamwambia, "Nilipata. Ndoo muzima."

"Ni vizuri," akasema.

Akanawa mikono, akala. Kiangazi kilichofuata ajenti alimwita tena akakaze miti ya wageni, na Useni alikwenda.