Ugomvi wetu juu ya Mzee Ndala

Kahawa ya maganda ikianza kukauka hutoa harufu tamu yenye uchachu, harufu ya kitu kinachotaka kuoza lakini hakiozi, na kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya Nyabiyonza, kijiji cha Karagwe. Nilifika huko nikiwa na miaka kumi, baada ya mama yangu, ambaye alikuwa nesi, kuhamishiwa zahanati ya pale. Tulitoka Muleba, tukiwa wawili tu, na mama alishinda kazini kutwa. Kihaya changu na Kinyambo cha wenyeji vinasikilizana vizuri, lakini kila nilipofungua kinywa watoto waliniiga na kusema, "Wahaya kwa kujidai!" Basi nikanuna, nikajifungia zangu. Wakati wa likizo nilikula mchana peke yangu kwenye nyumba ya watumishi, sahani moja, kikombe kimoja, na redio niliyoiacha iongee yenyewe ili nyumba isiwe kimya.

Aliyenitoa humo ni Kemilembe, jirani wa rika langu, mwenye sauti kubwa na amri nyingi. Alikuja siku moja akasema bibi yake anataka mtu wa kusaidia kulinda kahawa, na kwamba mtu huyo ni mimi, niinuke. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa kando ya mikeka iliyoanikwa kahawa, na fimbo mkononi, kufukuza kuku na mbuzi, na kuzigeuza punje zikauke pande zote. Mimi nilikuwa na kitu ambacho hapo kijijini hakuna mtoto mwingine aliyekuwa nacho: gazeti la katuni, ambalo mama aliniletea kila alipokwenda mjini Kayanga. Humo ndimo alimokaa Mzee Ndala, kizee mwenye tumbo na kofia ya pama, aliyevaa ndala moja tu na kuzunguka nchi nzima akiitafuta ya pili, huku akitumbukia visimani na kuvuruga harusi za watu. Mimi nilisoma maneno, Kemilembe aliigiza mwendo wake wa kuchechemea, na watoto wa majirani wakaanza kuja kusikiliza. Yaani kwa miezi kadhaa na mimi nilikuwa na watu wangu.

Kisha gazeti likapata mchoraji mwingine. Tulifungua toleo jipya tukamkuta Mzee Ndala kakonda, viatu miguu yote miwili, ameketi ukingoni mwa kitanda katika chumba chenye sahani moja mezani. Hachekeshi hata kidogo. Weee! Zogo lililozuka pale kwenye mikeka, kuku walijilia kahawa wanavyotaka. Kemilembe alisema huyo si Mzee Ndala, ni mtu mwingine kaiba kofia yake. Mmoja alidai mzee ameipata ndala yake, akaziuza zote mbili akanunua viatu. Mwingine alisema wamemchora akiwa anaumwa, toleo lijalo atapona. Mimi peke yangu nilimtetea. Nilisema huyu ndiye hasa, kwa sababu mtu hawezi kutafuta kitu miaka yote hiyo asiketi hata siku moja akahuzunika. Sababu yangu ya kweli sikuisema. Nilimpenda kwa kuwa alikuwa mpweke kama mimi, na kile chumba nilikijua. Kila walipomcheka niliona wananicheka mimi.

"Unampenda kwa sababu ana viatu," Kemilembe akasema mbele ya wote. "Wahaya kwa kujidai!" Wakaangua kicheko. Haki ya Mungu, maneno hayo yaliniuma. Kutoka kwa wengine nilikuwa nimeshazoea, lakini si kutoka kwake. Nikakunja gazeti langu nikaondoka, na nikaapa hawataliona tena.

Siku ya tatu Kemilembe akaja mlangoni kwetu. Mkononi alikuwa na kipande cha jani la mgomba kilichokunjwa, na ndani yake emwani, zile punje za kahawa zinazochemshwa na majani ya porini kisha zikakaushwa ili zitafunwe. Mgeni hupewa hizo kabla ya mazungumzo yoyote, na ukizikataa umeikataa nyumba nzima iliyozitoa. "Bibi amesema ule, halafu twende," alisema, akiangalia chini. Mtoto asiyejua angesamehewa. Mimi nilijua, maana hata kwetu Muleba ni hivyo hivyo. Nikamwambia, "Kampe Mzee Ndala wako." Alilikunja lile jani polepole, asije akaangusha punje, akaenda zake. Tangu siku hiyo bibi yake aliitikia shikamoo yangu na kuishia hapo hapo, na Kemilembe akawa ananipita njiani kama hanioni. Nilimngoja aje tena. Haikunijia akilini kwamba zamu ilikuwa yangu. Nililia sana, nikala peke yangu, hadi mama alipohamishwa tena.

Sasa naishi Dodoma, nimepanga chumba na sebule. Juzi kati kijana mmoja amemchora upya Mzee Ndala na kumweka mtandaoni: kifua cha mazoezi, miwani ya jua, ndala mbili za rangi. Watu wamechambana wiki nzima, na mimi nimo, nabishana na watu nisiowajua hadi chai inapoa. Siku moja nilikasirika nikanyamaza makusudi, nione nani ataniulizia. Hakuna aliyeulizia. Pale kwenye mikeka tulikuwa watoto saba tu, na niliponuna mmoja alinifuata hadi mlangoni.

Nikaomba likizo, nikaenda Nyabiyonza. Kemilembe nilimkuta uani kwake anamenya ndizi, mama mtu mzima, mpana, sauti ile ile. Akanipa kigoda. Sikutaka kuzunguka, nilimweleza yote, gazeti, viatu, lile jani, na maneno niliyomtolea, nikamwomba msamaha huku machozi yananitoka. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisu kimetulia mkononi.

"Pole, dada yangu, pole na safari," akasema. "Lakini usinichukie nikikuuliza. Hapa manesi wamepita wengi. Wewe ni mtoto wa yupi?"