Gari Lililosukumwa Jumapili

Juzi mwanangu aliniita sebuleni, hapa kwetu Kilburn, Landani, nitazame katuni ya kale ya wakati wa vita. Bwana mmoja mnene alikuwa akilipiga mateke gari lake: petroli ya mgawo imekwisha, matairi yameisha upepo. Mwanangu akauliza, kwa Kiingereza chake, mbona haendi kujaza mafuta? Nilicheka mpaka chai ikamwagika. Ndugu yangu, bwana yule mimi namjua.

Alikuwa jirani yetu Morogoro, mwalimu mstaafu, enzi za vita na Uganda. Sukari tulipanga foleni, mche wa sabuni tuligawana kwa kuukata na uzi, na Jumapili alasiri gari la mtu binafsi lilikatazwa barabarani. Uchungu wa mama nao, kwa ukaidi wake, ukaanza Jumapili baada ya chakula cha mchana. Mkunga wa mtaa alimpapasa tumbo akasema mtoto amekaa vibaya, awahishwe hospitali.

Mwalimu akatoa gari. Lakini alikuwa mtu wa sheria bwana! Akatangaza: "Kilichokatazwa ni kuendesha. Kusukuma hakukukatazwa."

"Basi sukumeni," bibi akasema, "mjukuu wangu hangoji Jumatatu."

Mtaa mzima ukatoka, wengine mikono bado inanuka dagaa. Mwalimu alishika usukani, injini kimya, akipiga honi kwa adabu kila kona. Mimi nilikaa nyuma, kichwa cha mama mapajani mwangu. Niliogopa sana atakufa.

Njia panda askari akatusimamisha. Akachungulia, akamwona mama. "Mwalimu, mbona hujawasha gari?"

"Leo Jumapili, afande."

Askari akashika kichwa. "Washa, mzee! Nitajibu mimi!"

Likakohoa, likazima. Askari akavua kofia, akaja nyuma kusukuma pamoja na majirani, na safari hii likawaka. Kabla ya magharibi nilikuwa na mdogo wangu wa kiume, korido nzima vigelegele vya majirani, na mama amekaa kitandani anaomba uji. Mpaka leo nikikumbuka uji ule, moyo unatulia.

Mwalimu na bibi wametangulia. Nilipomzaa huyu mwanangu hapa Landani, ambulensi ilikuja upesi, sina la kulalamika. Muuguzi akaniambia tuko salama sote wawili. Nikatega sikio kwenye korido, kimya. Nikapiga kigelegele mwenyewe.