Jina Liko Porini

Mimi ni Mkenya wa Nakuru, na Mkenya wa Nakuru akiingia mgahawani husema "nipe chai". Asubuhi yangu ya kwanza Mpanda, magharibi mwa Tanzania, nilisema hivyohivyo kwa mama lishe mmoja karibu na stendi. Yule mama akaendelea kugeuza chapati zake kana kwamba aliyesema ni redio. Nikarudia kwa sauti zaidi. Akanigeukia taratibu, akanitazama kwa huruma ya mtu anayemtazama mgonjwa, akasema, "Umeamkaje, dada?" Chai niliipata baada ya kueleza nilivyoamka, nilivyosafiri, na kwamba nyumbani wote hawajambo. Ilikuwa chai nzuri ya maziwa, ila nilikuwa nimeshaudhika.

Nilikuwa nimekuja kujitolea kwa mwaka mmoja, afisa mawasiliano wa shirika linalohudumia watoto. Mama yangu aliwatangazia majirani kwamba nimekwenda ng'ambo, nao wakadhani Ulaya. Aliposema mkoa wa Katavi hawakujua waulize nini. Kazi yangu ilikuwa kupiga picha, kurekodi sauti za watoto na kuzituma makao makuu, ambako nilikuwa na bosi niliyemjua sura kwenye kompyuta tu. Bosi huyo alipenda vitu vifupi. Mimi pia, kwa hiyo tulielewana sana.

Msimu huo shirika lilikuwa likisaidia usajili wa vyeti vya kuzaliwa. Maofisa usajili waliweka meza zao katika mji mdogo wa Inyonga kwa wiki moja, mwisho Ijumaa jioni. Ambaye mtoto wake hakuandikwa wiki hiyo angekihangaikia cheti mwenyewe, kwa nauli yake, na kila mzazi alijua maana yake: cheti kingesubiri mavuno, kisha kingesubiri mavuno mengine. Nami nilitakiwa kumpata mtoto mmoja wa kuwa sura ya kampeni, apigwe picha akipokea cheti chake.

Nilimpata siku ya kwanza. Kichanga wa kike, mnono, nywele zimesimama kama aliyeshtuliwa usingizini. Mama yake alikuwa msichana mpole, mwenye kucheka kwa macho kabla ya mdomo. Alinipa kadi ya kliniki niisome. Mahali pa jina palikuwa patupu.

"Anaitwa nani?" nikauliza.

"Bado."

"Bado nini?"

"Jina liko porini, dada."

Nikaelezwa. Katika nyumba ile mtoto wa kwanza wa kila kijana hupewa jina na babu mzaa baba, na babu mwenyewe alikuwa ameingia msituni kurina asali kabla mtoto hajazaliwa. Huko simu hazishiki. Warina asali huhamisha kambi kadiri mizinga inavyowaita, leo huku, kesho kule. Baba wa mtoto alikuwa amekodi bodaboda awafuate, akarudi na vumbi kichwani na hakuna alichokipata.

"Si mchague tu jina zuri?" nikasema. "Babu akirudi atalizoea."

Yule msichana aliacha kucheka. "Mtoto hapewi jina la kuokota," akasema. "Tukimwandika jina letu wenyewe, mzee akirudi atakuta tumeshamzika yeye. Na cheti nacho nakitaka. Mimi sikuwa nacho, nilisumbuka sana shuleni." Akajifanya kumfunika mtoto vizuri ili nisimwone machozi. Nilimhurumia. Nilikasirika pia, maana hasira yangu iko karibu siku zote, ila sikujua nimkasirikie nani. Asali? Msitu?

Nilipowatembelea nyumbani nilimkuta pia shangazi wa mtoto, na shangazi mwenyewe alikuwa darasa la nne. Alikuwa kitinda mimba wa yule babu na alikijua cheo chake vizuri. Alitembea na kichanga mgongoni huku akiwanyamazisha watu wazima, na aliponiona na kamera akaniuliza kama nimenawa mikono. Nilimpenda palepale. Nikamchagua yeye azungumze kwenye kipindi chetu cha watoto redioni, siku ya Jumatano, moja kwa moja hewani.

Tulisafiri naye hadi Mpanda, pamoja na mama yake, bibi wa kichanga, kwa gari la shirika. Njia nzima tulikariri sentensi moja tu aliyoitaka bosi: kila mtoto ana haki ya jina na cheti cha kuzaliwa. Aliisema vizuri hata kuliko mimi. Tulipofika mjini nilikuwa na hakika kwamba kwa mara ya kwanza nitatuma sauti isiyohitaji kupunguzwa.

Studio ilikuwa chumba kidogo kilichobandikwa trei za mayai ukutani ili sauti isivume. Mtangazaji alikuwa mtu mzima mwenye sauti nzito na ndala miguuni. Alimkalisha shangazi kwenye kiti, akamwekea mto ili aifikie maiki, akamkaribisha hewani.

"Asante sana mtangazaji," akaanza, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia garini. "Kwanza kabisa hujambo wewe na mafundi mitambo? Salamu zangu za kwanza zimfikie mama yangu mzazi, nimekuja naye, yuko hapa nje. Salamu za pili ziende kwa mwalimu wangu wa darasa la nne, na wanafunzi wenzangu wote, hasa wa dawati la mbele."

Nikamfanyia ishara ya mkasi kwa vidole. Hakuniona, au aliniona. Salamu zikaenda kwa kaka yake na kwa wifi yake. Zikaenda kwa mama mmoja muuza vitumbua, ambaye kwa maelezo yake vitumbua vyake havijawahi kulala. Kipindi chetu kilikuwa kifupi, na nilikuwa naona kikimalizikia kwenye vitumbua. Nikamkodolea macho mtangazaji. Akazima maiki yake na kuninong'oneza, "Dada, salamu hazikatwi."

"Na salamu zangu za mwisho," akasema shangazi, na sauti ikashuka kidogo, "zimfikie baba yangu mzazi, popote alipo porini na wenzake wanaorina asali. Baba, shikamoo. Sisi hatujambo. Wifi amejifungua salama, mtoto wa kike, ananyonya vizuri, ila hana jina. Watu wa vyeti wanaondoka Ijumaa. Kama nyie mlio naye mnasikiliza, mwambieni. Na ujumbe wangu unasema hivi: kila mtoto ana haki ya jina na cheti cha kuzaliwa."

Kumbe sentensi ya bosi ilikuwa na kiti chake siku zote, palepale mwishoni pa salamu, panapokaa ujumbe baada ya watu kukumbukana. Nami nilikuwa nikiilazimisha iingie mlangoni bila hodi. Simu zikaanza kuingia. Dereva wa lori la tumbaku akaahidi kulitangaza jambo hilo kila atakaposimama. Mama mmoja akapiga kumsalimia mtoto asiye na jina na kumtakia ukuaji mwema. Mtangazaji alisahau kabisa kwamba kipindi kilikuwa chetu, akawaachia wapigaji saa nzima.

Alhamisi ikapita kimya. Ijumaa yule msichana alikaa kwenye benchi la maofisa tangu asubuhi, mtoto mapajani, kila akisikia pikipiki anainua kichwa. Wengine walipokea vyeti, wakapigwa picha, wakaenda. Jioni ofisa usajili, dada mwenye subira kuliko mimi, alianza kukunja kitambaa cha meza. Alikikunja polepole, kwa makusudi, kona kwa kona. Nikawaza kumshauri yule msichana achague tu jina lolote. Nilipomtazama usoni nikaanza nami kusikilizia pikipiki.

Bodaboda ilipoingia tuliisikia harufu kabla hatujamwona aliyepakiwa. Moshi na asali. Mzee mwenye mvi, kofia imebonyea, amekumbatia ndoo kati yake na dereva. Shangazi alipiga mbio, akasahau cheo chake chote.

Nilidhani sasa mambo yatakwenda haraka. Wapi! Mzee alianza na mlinzi wa geti, akamjulia hali yeye na watoto wake. Akaja kwa maofisa, mmoja mmoja. Akaja kwa kina mama waliobaki. Mguu wangu ulikuwa unapigapiga chini wenyewe. Akafika kwangu, shangazi akamnong'oneza mimi ni wa wapi.

"Kenya hamjambo huko?"

"Hatujambo, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Mvua mlipata?"

Nikamwambia kuhusu mvua. Nikamwambia na mahindi ya mama yangu yalivyostawi, hata na ng'ombe wetu, ambaye hakuulizwa. Naye akanisimulia kwamba alikuwa juu ya mti, kwenye mzinga, wenzake walipompigia kelele kutoka chini kwamba mwanao yuko redioni. Alidhani kuna msiba. Alipolisikia neno "wa kike" alishuka, na nyuki wakamsindikiza. Alinionyesha sikio lililovimba, akicheka.

Kisha akaomba maji, akanawa mikono na uso. Wifi wa shangazi, yule msichana, akapiga goti na kumpa mtoto. Mzee alimtazama muda mrefu. Mtoto naye alimtazama, nywele zimesimama vilevile. Mzee akavua kofia, akainama kidogo.

"Shikamoo, mama," akasema.

Vigelegele vilipasuka. Mkewe alijifunika uso kwa kitenge akilia na kucheka kwa pamoja. Hata mimi wa kuja nilielewa: mzee amempa jina la mama yake mzazi, na aliyelibeba jina hilo ndiye mama, mvi za mzee hazihusiki. Mtoto alipiga chafya. Shangazi, aliyekuwa amesharudi kwenye cheo chake, akajibu kwa niaba yake, "Marahaba," na watu wakacheka mpaka mlinzi akaliacha geti.

Ofisa akakitandika tena kitambaa chake, kona kwa kona, akaandika jina mzee alilomtajia. Ndoo ikafunguliwa. Tulilamba asali kwa vidole, maofisa kwa wateja, na rekoda yangu mpaka leo inanata kwenye kitufe kimoja.

Nilituma sauti yote makao makuu bila kupunguza kitu. Bosi alifurahi, ila akaandika kwamba mwanzo ni mrefu, watu wanasalimiana tu, je, siwezi kukata? Na yule mzee, akauliza, anamwambia nini mtoto mpaka watu wote wanapiga kelele?

Nilijibu kwamba salamu hazikatwi. Kuhusu mzee nilianza kuandika maelezo marefu ya majina, ya ukoo, ya babu na wajukuu. Nikayafuta yote, nikabakiza mstari mmoja: anamwamkia mama yake.