Sheria Iliyomfanya Amuge Dada

Wivu wa Amuge wa kijiji cha Mella haukuanza na kifo cha dada yake, tusimsingizie marehemu. Ulianza siku ya harusi yenyewe, mwaka 1961, alipombebea dada huyo, Norah, sanduku la nguo hadi kwa katekista Chrispinus. Aliiona nyumba ya mabati, akamwona bwana mwenyewe na Kiingereza chake, akajiuliza Mungu alipokuwa akigawa yeye alikuwa ameangalia wapi.

Norah akafa mwaka 1965, homa ya siku tatu, akaacha watoto wawili. Amuge alilia, na kilio kilikuwa cha kweli. Lakini matanga yalipokwisha hakurudi kwao. Alibaki akipika, akifua, akisubiri, maana kwa desturi dada huingia mahali pa dada, na wazee wa pande zote mbili walikuwa wamekubali.

Aliyekataa ni Chrispinus. Alimkalisha kitini, akamweleza kwa upole wa mwalimu.

"Waingereza hawana neno shemeji, Amuge. Wewe wanakuita sista-in-lo, yaani dada kwa sheria. Na sheria yenyewe si ya serikali, ni ya Kanisa. Tangu zamani ilihesabu ndugu wa mke kuwa ndugu wa mume, ili asije akaoa kati yao. Mama yako ni mama yangu. Wewe ni dada yangu."

"Hiyo sheria nani naandika? Yeye najua mimi?"

"Ni ya zamani, dada."

Tangu hapo ikawa dada, chumvi. Dada, maji ya kuoga. Neno likamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Angelimeza, kama si Roselyn. Huyu alikuwa muuza vitenge wa Busia, upande wa Kenya, mjane asiye na haya kwa maneno ya Amuge. Kwa maneno ya wengine, mama mchangamfu tu. Alianza kuja Jumamosi na nguo za watoto, akikaa mpaka chai ya pili. Chrispinus naye akaanza kunyoa ndevu kila Jumamosi. Amuge aliuona ule wembe. Roselyn hakuwa dada wa mtu pale, ndiyo maana alicheka kwa raha zake.

Jumatatu Amuge akatembea mpaka misheni ya Tororo.

"Padri, mimi nakuja kuomba. Hiyo sheria ya dada, haiwezi kulegea kidogo?"

"Inalegea, mama," akasema padri. "Mwanamume anaandika barua, askofu anatoa ruhusa. Chrispinus anajua vizuri. Mwaka huu huu aliandika barua ya Ekwaro, aliyetaka kumwoa dada ya marehemu mkewe. Ruhusa ilikuja, nikawafungisha ndoa mimi mwenyewe."

"Na barua yake yeye?"

"Yake sijaiona."

Amuge alirudi kwa miguu, jua likimchoma, na safari hii hakuwa akimwonea wivu Roselyn peke yake. Alimwonea na mke wa Ekwaro, ambaye hata sura yake hakuijua. Chrispinus alikuwa mlangoni.

"Dada, umechelewa. Watoto wana njaa."

"Ungesema tu hunitaki, shemeji," Amuge akamwambia. "Mimi ningelia siku mbili, nanyamaza. Sasa miezi nane nagombana na Mungu bure."