Cherehani Isiyoshona Kitu

Fundi alikuwa ametoboa vitambaa tangu usichana wake, lakini siku daktari wa mifugo alipompa sindano amchome paka wake, aliishika mbali na mwili kama aliyeshika nge. Mama mkwe wake alicheka hadi akakohoa. Mtu anayekula kwa sindano, alisema, leo sindano inataka kumla yeye.

Paka mwenyewe aliitwa Kifungo, maana aliokotwa akiwa mchanga ndani ya boksi la vifungo. Alikuwa mnono, mwenye madaha, akilala juu ya nguo za wateja kana kwamba amezilipia yeye. Kisha akaanza kunywa maji asikinai, kula asishibe, na kukonda. Daktari akapima, akasema ni kisukari: ale nyama tu, na achomwe insulini asubuhi na jioni.

Fundi alijifunza. Alikunja ngozi ya shingo kama anayekunja pindo, akapenyeza sindano, na Kifungo akaendelea kulamba sahani. Mwili ukarudi, madaha nayo yakarudi. Lakini kila alipopelekwa kliniki, sukari ilikuwa juu vilevile. Njia nzima alilia kikapuni, na mezani akageuka chui.

Daktari, mwanamke asiyepoteza maneno, alisema hofu nayo hupandisha sukari. Akiongeza dawa kwa sababu ya hofu, sukari huenda ikashuka mno, paka akazimia asiamke. Asipoongeza, na kumbe ugonjwa ndio umekaza, paka atakwisha.

"Nipimie nyumbani," alisema, akimkabidhi kipimo kidogo. "Tone moja la damu, ukingoni mwa sikio. Lakini awe ametulia. Akipigana, hatujapima kitu."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kifungo akiguswa sikio tu, huyo chini ya kabati. Akiviziwa usingizini, jicho moja li macho. Fundi akamviringisha kwa taulo, akaambulia michirizi mikono yote miwili, hata mteja mmoja akamuuliza kwa upole kama kwake kuna amani.

Akakata tamaa, akarudi kwenye cherehani, akakanyaga, akaanza kuunga sketi ya watu. Muda si muda Kifungo akatoka mafichoni, akapanda mezani, akajilaza ubavuni mwa mashine kama alivyozoea tangu utoto. Mngurumo ukamlegeza masikio. Fundi akamtazama, asithubutu kuondoa mguu.

"Mama," alinong'ona, "njoo ukanyage."

"Nishone nini?"

"Usishone kitu. Kanyaga tu."

Mama mkwe akanung'unika kwamba amelea watoto sita bila kumbembeleza paka hata mmoja. Lakini alikuja. Walibadilishana kiti kimyakimya, mguu mmoja ukiingia, mwingine ukitoka. Mashine haikunyamaza. Fundi akagusa ukingo wa sikio, akachoma. Kifungo alipiga miayo.

Sukari ilikuwa ya kadiri, mbali kabisa na ile ya kliniki. Wakarudia siku zilizofuata kama daktari alivyotaka, na Fundi akimpigia simu kila mara. Mwishowe daktari akasema dawa isiongezwe hata tone, na Fundi akakaa chini, akafuta macho kwa kipande cha bitana.

Tangu hapo ni mama mkwe anayekumbusha saa ya kupima. Jana mteja alichungulia dirishani, akamwona bibi akikanyaga cherehani isiyo na uzi wala kitambaa, akauliza anashona nini.

"Usingizi," bibi alijibu, bila kupunguza mwendo. "Na usipaze sauti, utaufumua."