Barua Kuhusu Kanda ya Pili

Barua ile niliiandika mimi. Nimeikana miaka mingi, mara nyingine bila hata kuulizwa, na sasa nimechoka. Juzi, nikipanga kabati, nilinusa betri zilizovuja ndani ya redio kaseti ya marehemu baba. Harufu ile kali ikanirudisha Songea, uani kwetu, tulikokuwa tukianika betri juani ili zipate nguvu ya wimbo mmoja zaidi.

Ilikuwa miaka ya ruksa, bidhaa za nje zilipoanza kuingia nchini. Shangazi Kandida, mdogo wake baba, alikuwa ameacha kwaya ya parokia na kwenda Dar es Salaam kuwa mwimbaji. Kanda yake ya kwanza ilikuwa na magitaa mawili na waitikiaji waliopangika kama misa ya Jumapili. Mama aliisikiliza akipukuchua mahindi. Mimi nilijigamba nayo shuleni mpaka nikawa kero.

Kisha basi likaleta kanda ya pili. Magitaa hayakuwamo. Kulikuwa na kinanda cha umeme kilichopiga ngoma, filimbi na makofi chenyewe, na shangazi akinong'ona mapenzi juu yake. Baba aliizima redio taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa. Shuleni hawakuwa na adabu hiyo.

"Wee, shangazi yako kameza saa ya kengele?"

"Mwacheni, betri zimemwishia!"

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na heshima ya kulinda. Nikaandikia kipindi cha barua za wasikilizaji redioni kwamba, kwa masikitiko makubwa, mwimbaji huyu amewasaliti waliomlea. Nilijiona mhakiki; tangu hapo sijaandika chochote kilichofikia watu wengi kiasi hicho. Jina sikuweka. Niliweka "Mwanakwaya" na sanduku la posta la parokia, ambalo nusu ya mtaa tulilitumia.

Ikasomwa. Mama aliacha kupukuchua. Shangazi naye aliisikia huko alikokuwa, akaamua mwandishi ni Mwalimu Gervas, kiongozi wa kwaya aliyemfundisha kuimba na ambaye hakupenda aondoke. Kanda ya tatu hakurekodi. Alipokuja kwenye misiba alikaa benchi la nyuma, na kwaya ikianza tu, alitoka nje. Mwalimu alizeeka akiutazama ule mlango. Baba aliniuliza mara moja, "Mwanangu, barua ile unaijua?" Nikasema siijui, nikimwangalia machoni.

Mwalimu alipofariki, shangazi hakuja kuzika. Jana nikampigia simu shangazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona una sauti ya mgonjwa?"

Nikamwambia yote.

"Haiwezekani," alisema. "Nilimwuliza Mwalimu mwenyewe, mwaka uleule. Akaniambia, ndiyo Kandida, ni mimi, nisamehe."

Mwalimu Gervas ndiye aliyetufundisha Kiswahili darasani. Insha zangu zote alizisahihisha yeye. Alizijua sentensi zangu kuliko mama yangu. Ndipo nilipoelewa, nikiwa na mvi zangu, kwamba alinitambua siku ileile redioni, akaibeba barua yangu mpaka kaburini.

"Shangazi," nikasema, "na wewe ukamjibu nini?"

"Sikumsamehe," alisema, akakata simu.