Sumaku Iliyoanguka kwenye Boneti

Siku yangu ya kwanza kazini Dubai sikupewa nyundo. Nilipewa sumaku ndogo, kiasi cha kifungo cha koti, imevishwa kitambaa isikwaruze rangi. Mimi Bakari, fundi bodi wa Tanga niliyenyoosha madigadi na milango kwa miaka ishirini, nasimamishwa kwenye geti la gereji eti nikague kazi za wenzangu! Nilinuna. Fomeni aliyenipa sumaku hiyo alikuwa mzee wa ukoo wa Kizanzibari, kazaliwa hukohuko Ghuba, lakini Kiunguja chake kilikuwa kizima.

"Skiza, yakhe," akaniambia. "Hapa usimwamini mtu. Mtu husema. Sumaku haisemi, wala haikosei."

Maneno hayo niliyameza mazimamazima.

Ninyi vijana mnaosomea ufundi, hebu niwaambie jambo. Mnunuzi hugonga mlango wa gari kwa kidole, akisikia sauti nzito anafurahi: "Bati nene hili, gari la kudumu." Thubutu! Bati la magari mengi ya miaka ile ya elfu mbili na kumi lilikuwa na unene wa kadi ya benki tu, na halikuwa bovu kwa sababu hiyo. Nguvu yake ilitoka kwenye aina ya chuma, mikunjo iliyokandamizwa kiwandani, na ngozi ya zinki inayozuia kutu. Ukikuta mahali pamenenepa, jiulize nani kapanenepesha. Mara nyingi ni puti, ule uji mzito unaochanganywa na kigumishi, ukapakwa juu ya bonde la bati lililobonyea, ukapigwa msasa, kisha ukafunikwa kwa rangi. Puti kidogo si kosa, kila fundi huitumia. Puti nene ni uongo. Gari likishinda nje kiangazi kizima kwenye jua la Dubai, puti hiyo hupasuka na kubanduka. Na sumaku, ambayo hung'ang'ania chuma, ikikuta puti nene inaanguka.

Mwenye gereji, arbab wetu, alikuwa na sheria moja: sumaku ikianguka, fundi anaondoka. Kuondoka huko hakukuwa kuhamia gereji ya jirani. Yeye ndiye aliyekuwa kafeel wetu, yaani mdhamini, viza zetu zilikuwa mkononi mwake. Kazi ikiisha, viza inafutwa, unapanda ndege kurudi kwenu.

Basi nikawa mtu wa kushuku. Nilimshuku fundi wa rangi, nikamshuku muosha magari, nikamshuku mteja mwenye tabasamu jingi. Hata chai nikiletewa bila kuagiza nilijiuliza inatafuta nini. Wenzangu wakaniita Afande, nami jina likanikolea.

Niliyemshuku kuliko wote alikuwa Wafula, fundi wa kunyoosha kutoka Bungoma, Kenya. Kisa? Kazi yake ilikuwa safi mno. Bonde la kuingia ngumi, kesho yake halipo! Halafu mara mbili tatu nilimwona akitoka getini na kitu cha duara kakifunika kwa jaketi. Jaketi, Dubai, kiangazi! Siku moja jaketi ikafunuka, nikaona mdomo wa kopo la puti. Nikasema moyoni, kikulacho ki nguoni mwako. Huyu anatorosha makopo ili fomeni asijue anapaka puti kiasi gani.

Jioni tulipanda basi moja kurudi International City, jengo lake likitazamana na langu. Njia nzima ananitania, "Mzee, leo umeshika nani?" Nacheka naye, lakini moyoni simo.

Asubuhi moja likaja getini gari jipya la mteja mkubwa. Liligongwa kwa mbele, Wafula kalinyoosha. Kwanza nikafungua boneti nitazame chini yake, sikuona kitu. Nikaifunga, nikaweka sumaku kwenye madigadi: ta! Imeshika. Mlango: ta! Boneti: ikateleza, ikaanguka sakafuni. Nikairudisha, ikaanguka. Nikahamia upande wa pili wa boneti, ikaanguka. Loo! Kumbe mwizi huyu kaipaka puti boneti nzima!

"Wafula! Umeficha nini hapa?"

"Sijaficha kitu, Mzee. Hii boneti si kama zile zingine. Wacha nikuonyeshe."

"Unionyeshe nini? Mimi nimeshika nyundo wewe hujaota meno!"

"Dakika moja tu, Mzee."

Sikumpa. Nikamwita fomeni, fomeni akajaribu sumaku mwenyewe, ikaanguka. Gari la aina ile lilikuwa geni kwetu sote, isipokuwa kwa yule aliyelipiga nyundo. Arbab akaja. Wafula akaanza kumweleza, arbab akainua mkono: "Khalas."

Hapo Wafula akanigeukia mimi. "Mzee, waambie wangoje kidogo tu. Binti yangu yuko fomu thrii, nani atamsomesha?"

Nikatazama viatu vyangu.

Wiki hiyohiyo akasafirishwa. Baada ya siku mbili mwenzake wa chumba akanibishia hodi, kabeba makopo matatu ya puti yaliyojaa udongo, na sukuma wiki zimechipua humo.

"Wafula alisema uachiwe wewe. Eti unalalamika huku hakuna mboga ya nyumbani."

Kumbe ndiyo yale makopo! Alikuwa akiokota matupu na kuyaficha kwa sababu gereji ilikataza kutoa kitu chochote getini, hata takataka. Mnadhani nilishtuka? Hata! Nikasema huyu ananitega, anataka nikutwe na mali ya gereji. Nikayabeba yote matatu nikayatupa kwenye pipa la taka, na mboga zake.

Miezi miwili ikapita, likaja gari jingine la aina ileile, safari hii na mhandisi wa bima. Lilikuwa limegongwa nyuma, mbele hakuna aliyeligusa tangu litoke kiwandani. Kwa mazoea nikaweka sumaku kwenye boneti. Ikaanguka.

Mhandisi akacheka. "Mzee, hiyo ni alumini. Inapunguza uzito wa gari, na hailiwi na kutu kama chuma. Sumaku haiishiki, hata uikwangue rangi yote."

Nikainua boneti ile, ikapanda kwa kidole kimoja. Na ile ya Wafula ilipanda vilevile! Boneti iliyojaa puti ingetaka mikono miwili. Mkono wangu uliujua ukweli asubuhi ile, lakini moyo ulikuwa umeshahukumu. Tena alumini ni ngumu kunyoosha, ukiipiga vibaya inapasuka. Wafula aliirudisha bila ufa. Ile ndiyo kazi bora kuliko zote zilizopita getini kwangu, na ndiyo niliyomfukuzisha nayo. Nilijichukia.

Nikaenda kwa fomeni. "Yakhe, yashapita hayo," akasema. Nikaenda kwa arbab mwenyewe, nikamwambia kosa ni langu. "Khalas, Bakari," akajibu. "Nafasi yake ina mtu."

Niliendelea kwa miaka mitano zaidi. Gereji ikanunua kipimo cha kisasa kinachosoma chuma na alumini, sumaku nikaachiwa kama zawadi ya kustaafu. Ninayo hapa Tanga, kwenye droo. Vijana huniuliza bodi ya gari gani inadumu. Nawaambia unene haukwambii kitu, uliza bati ni la nini na limekunjwaje. Na kabla ya kuweka sumaku, msikilize aliyeshika nyundo. Majuto ni mjukuu, na wangu ameshakuwa mkubwa.

Mwaka jana nilipata namba ya Wafula, nikampigia.

"Wafula, ile boneti ilikuwa alumini."

"Najua, Mzee."

"Binti je?"

"Aliacha shule. Ameolewa, ana watoto wawili."

Nikaomba msamaha. Akaniacha mpaka nikamaliza.

"Na zile sukuma, Mzee, zilishika?"

Miaka yote ile getini sikuwahi kupitisha uongo wa mtu. Nikamwambia zilishika vizuri, tulikula jengo zima.

"Sawa, Mzee," akasema, na simu ikakatika. Mpaka leo najiuliza kama aliniamini.